Hodi Mlimani

Kiswahili kina njia nyingi za kumtaja mtu asiyevaa nguo, na njia hizo hazina uzito mmoja. Mtoto anayeogeshwa uani yu uchi, na hapana jirani anayegeuza uso. Mtu mzima akivua nguo sokoni husemwa yu uchi wa mnyama, na hapo neno limekwisha kuwa hukumu. Maiti hatusemi yu uchi. Tunasema asitiriwe, na wahenga wakaongeza kwamba aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Lugha inayopima hivyo kabla ya kutamka inatufundisha kwamba uchi haumo mwilini peke yake. Umo pia katika macho yanayouona, na katika mahali ambapo mwili na macho vinakutana.

Nimeanza na jambo hilo la lugha kwa sababu nataka kuhakiki mjadala uliodumu Ulaya kwa miaka mingi, mjadala wa watu wanaopanda milima bila nguo. Hawa si watu wa kubuni. Wako Ujerumani, Uswisi, Uingereza, na pia Marekani, ambako baadhi yao huiadhimisha tarehe 21 Juni, katika majira ya siku ndefu kuliko zote upande wa kaskazini wa dunia, kwa kuziacha nguo ndani ya shanta na kushika njia ya mlimani. Mjadala wao umeacha maandishi mengi: sheria, hukumu za mahakama, vitabu vya kuwatetea na makala za magazeti za kuwacheka. Maandishi hayo yanaweza kuhakikiwa kama riwaya inavyohakikiwa. Yana hoja, yana wahusika, na yana mambo yaliyoachwa nje kwa makusudi au kwa kutojua. Swali ninaloyauliza ni moja tu: ni nani aliyebisha hodi?

Tuanze na hoja ya watembezi wenyewe, tena tuieleze kwa haki. Wanasema kwamba mtu anayepanda mlima hutoka jasho, shati likalowa, na akifika mgongoni mwa mlima penye upepo shati lile humgandisha. Ngozi tupu hukauka upesi. Wanasema buti na soksi zinatosha, na shanta inatosha, vingine vyote ni mazoea. Wanasema pia kwamba mwili si kosa la jinai, na kwamba anayeudhika kwa kuuona anaudhiwa na fikra zake mwenyewe. Mwisho wanasema kwamba huko juu, mbali na miji, mtu hurudi katika maumbile na kuwa kitu kimoja na mwamba, nyasi na upepo.

Hoja ya kwanza ni ya kweli. Kila aliyebeba mzigo mgongoni juani anaijua. Ya pili ni nzito, nami nitairudia. Ya tatu ndiyo inayoyumba. Maumbile hayampokei mtu kwa sababu ameyapenda. Kadiri mtu anavyopanda ndivyo miale ya jua inayounguza ngozi inavyozidi, kwa kiasi cha sehemu moja katika kumi hivi kwa kila mita 1,000. Kupe wa misitu ya Ulaya hubeba maradhi. Na kuna jambo ambalo waokoaji wa milimani wanalifahamu vizuri: mtu anayekaribia kufa kwa baridi mara nyingine huhisi joto kali la uongo, akavua nguo zake moja baada ya nyingine, akakutwa amekufa uchi thelujini. Mlima una uchi wake, na uchi huo hauna uhuru wowote ndani yake.

Mwandishi Hermann Hesse alilijua hilo mapema kuliko wengi waliomfuata. Mwaka 1907 alikwenda Monte Verità, kilima kilicho juu ya mji wa Ascona kusini mwa Uswisi. Huko tangu mwaka 1900 watu waliochoshwa na miji ya viwanda walikuwa wamejenga makazi, wakila mboga na kuota jua bila nguo. Mwaka 1908 Hesse alichapisha maelezo mafupi ya mtu anayejaribu kuishi uchi miambani, na sifa ya maelezo hayo ni kwamba hayafichi gharama. Ngozi inaungua. Miiba na mawe vinachubua. Lakini tazama pia kitu kilichomrahisishia kazi mwandishi: mtu wake yuko peke yake. Hapana anayepita, hapana mtoto wala bibi kizee anayeshuka na mzigo wa kuni. Mahali palipo na mtu mmoja hodi haihitajiki. Shida yote ya mjadala huu huanza pale mtu wa pili anapotokea kwenye kona ya njia.

Huku kwetu habari hizi zikifika, hupokewa kwa kicheko cha namna moja. Msikilizaji hutikisa kichwa akasema: Wazungu walitukuta uchi wakatuvisha, leo sisi tumevaa, wao wanavua. Nimeisikia kauli hiyo katika daladala, msibani, na hata kwa watu waliosoma sana. Ni kejeli tamu, na kwa mtu aliyesimangwa miaka mingi kejeli huburudisha. Lakini ndani yake mna uongo mbaya kuliko jambo linalokejeliwa, maana inakubali kwamba babu zetu walikuwa uchi.

Hawakuwa uchi. Mtu aliyejifunga ngozi iliyolainishwa kwa mafuta, akavaa shanga zilizotangaza rika lake na hali yake ya ndoa, akajipaka udongo mwekundu kwa mpango unaoeleweka na kila aliyemwona, mtu huyo alikuwa amevaa kuliko mimi ninayeandika haya nikiwa na shati la mtumba lisilosema lolote juu yangu. Alikuwa amevaa mbele ya watu waliojua kusoma vazi lake. Aliyemwita uchi ni mgeni asiyejua kusoma, na ujinga wa msomaji si kosa la maandishi. Kwa hiyo anayepanda milima ya Ulaya bila kitu mwilini harudi kwa babu zetu, wala hatuna sababu ya kumpongeza au kumcheka kana kwamba ameiga desturi yetu. Anafanya jambo la kwake, lililozaliwa katika historia ya kwake.

Kejeli ile ina kasoro nyingine: inasahau kwamba baada ya mgeni kuondoka, sisi wenyewe tuliendelea na kazi yake. Mwaka 1968 Serikali ya Tanzania iliendesha kampeni ya kuwataka Wamaasai waache lubega, ngozi na udongo mwekundu, wavae suruali na magauni kama raia wa taifa la kisasa. Oktoba mwaka huohuo Umoja wa Vijana wa TANU ukatangaza Operesheni Vijana, ianze Januari 1969, dhidi ya vimini, mawigi, krimu za kung'arisha ngozi na suruali za kubana. Ukiziweka kampeni hizo mbili pamoja utaona jambo la kushangaza. Mmaasai aliambiwa amejisitiri kidogo kwa sababu ni wa kale mno. Msichana wa Dar es Salaam aliambiwa amejisitiri kidogo kwa sababu ni wa kisasa mno. Kipimo hakikuwa urefu wa nguo. Kipimo kilikuwa nani mwenye mamlaka ya kupima. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na suruali iliyovaliwa kwa hofu ya mgambo ni nguo ya kuazima.

Nalitaja hilo ili msomaji asije akadhani kwamba ninayeuliza habari za hodi nimesimama upande wa wanaovisha watu kwa nguvu. Hodi hubishwa na pande zote mbili. Anayeingia katika macho ya mwenzake bila hodi amekosa adabu, na anayeingia katika mwili wa mwenzake bila hodi, akiwa na amri mkononi, amekosa zaidi.

Sasa twende kwenye mlima wenye wenyewe. Kinabalu, huko Sabah nchini Malaysia, una urefu wa mita 4,095. Kwa Wakadazandusun, watu wa sehemu hizo, ni makao ya roho za wafu wao. Waongozi wao wa zamani hawakumpandisha mgeni kabla ya kuchinja kuku na kutoa mayai kuomba ruhusa, na hata leo kuna ibada ya mwaka inayofanywa kwa niaba ya wote watakaopanda. Yaani mlima ule una hodi yake, tena iliyo rasmi. Tarehe 30 Mei 2015 wageni kumi kutoka nchi za Magharibi walivua nguo karibu na kilele na kupiga picha. Tarehe 5 Juni tetemeko la ardhi la kipimo cha 6.0 likautikisa mlima, mawe yakaporomoka, watu 18 wakafa. Miongoni mwao walikuwamo wanafunzi wa shule ya msingi kutoka Singapore, na waongozi waliokuwa wakiwasaidia wageni.

Kiongozi mmoja wa juu wa serikali ya Sabah aliyahusisha matukio hayo mawili hadharani, na magazeti mengi ya Magharibi yalicheka. Nimezisoma pande zote mbili, na zote mbili zimekosea mahali. Tetemeko lile lilitokana na miamba kuteleza katika ufa wa ardhi. Halikungoja mtu avue suruali. Kusema vinginevyo ni kuwabebesha vijana wapumbavu damu isiyo yao. Lakini waliocheka walicheka wakati maiti za waongozi zilikuwa hazijapoa, na walichokicheka hakikuwa elimu ya miamba. Walikuwa wanacheka wazo lenyewe kwamba mlima unaweza kuwa na wenyewe. Sisi hatuna haki ya kulicheka wazo hilo. Wakikuyu waliomba wakielekea Kirinyaga. Wamaasai wameuita mlima wao Ol Doinyo Lengai, yaani mlima wa Mungu, na hawakungoja mtaalamu wa volkeno awape kibali.

Wanne kati ya wale kumi walifikishwa mahakamani. Walikiri kosa, wakahukumiwa kifungo cha siku tatu, ambacho walikuwa wamekwisha kukitumikia rumande, pamoja na faini ya ringgit 5,000 kila mmoja. Nadhani adhabu ile ilikuwa na kiasi, ijapokuwa ilitolewa katika joto la msiba. Wazee wa Kadazandusun wana desturi yao iitwayo sogit, fidia inayotolewa ili kupoza mahali palipochafuliwa. Neno hilo la kupoza limenivutia. Linatambua kwamba jambo limetokea kati ya watu na mahali, na kwamba linaweza kwisha. Mkosaji halipi ili ateseke. Analipa ili watu na mahali papate kutulia, naye arudi kuwa mgeni kama wageni wengine.

Kutoka Sabah hadi Appenzell ni mbali sana, lakini swali ni lilelile. Appenzell Innerrhoden ni jimbo dogo la Uswisi, lenye watu wasiofika 17,000, chini ya safu ya milima ya Alpstein. Kuanzia mwaka 2008 watembezi uchi, wengi wao Wajerumani, walianza kuonekana huko mara kwa mara, na wenyeji wakachoka. Tarehe 26 Aprili 2009 wapigakura walikusanyika uwanjani, kama wafanyavyo kila mwaka, wakainua mikono hewani, na mtindo ule ukapigwa marufuku kwa faini ya faranga 200. Mtu anayependa demokrasia ya ana kwa ana atavutiwa na picha hiyo. Wenyeji wamesimama chini ya milima yao wenyewe, wakaamua pamoja mgeni aiingieje.

Ningependa kuishia hapo, lakini historia ya uwanja ule hainiruhusu. Katika uwanja uleule, mwezi Aprili 1990, wanaume wa Appenzell Innerrhoden waliinua mikono yao kukataa wanawake wasipige kura. Mwezi Novemba mwaka huohuo Mahakama ya Shirikisho ya Uswisi iliwalazimisha kukubali, na mwaka 1991 wanawake waliingia uwanjani kwa mara ya kwanza kama wapigakura. Basi mikono iliyoinuliwa na watu wengi haigeuzi jambo kuwa haki. Watetezi wa kutembea uchi huukumbusha ulimwengu habari hiyo kwa furaha, nao wana haki ya kuikumbusha.

Hata hivyo mambo hayo mawili hayafanani. Mwanamke aliyenyimwa kura alinyimwa kuwa raia kamili wa nchi yake, mchana na usiku, maisha yake yote. Mtembezi aliyeambiwa avae kaptula amenyimwa upepo kidogo mapajani hadi afike upande wa pili wa bonde. Yule alikuwa mwenyeji aliyefungiwa nje ya nyumba yake. Huyu ni mgeni aliyeombwa ajifunge kikoi kabla ya kukatiza sebuleni. Anayeyalinganisha hayo mawili hawakwezi watembezi uchi. Anawashusha wale wanawake.

Jimbo la jirani, Appenzell Ausserrhoden, liliendesha kesi inayostahili kusomwa kuliko sheria ile. Oktoba 2009 mtu mmoja alitembea uchi karibu na Herisau. Alipita mahali ambapo familia yenye watoto wadogo ilikuwa imekaa, kisha akapita mbele ya kituo cha Kikristo cha kuwasaidia walioathirika na dawa za kulevya. Alitozwa faini ya faranga 100. Alikata rufaa, kesi ikapanda ngazi hadi Mahakama ya Shirikisho, ambayo mwezi Novemba 2011 iliithibitisha faini ile. Kwa mhakiki, hukumu hiyo ina sifa moja kubwa: wahusika wake wanaonekana. Tunamjua aliyepita, tunawajua waliopitiwa, tunajua walikuwa wanafanya nini pale. Watoto wako na wazazi wao, na wale wa kituoni wanajaribu kuzishika upya nafsi zao. Hapana aliyewauliza. Na bei ya kutouliza ikawa faranga 100, kisha kila mtu akaenda nyumbani.

Linganisha sasa na kesi ya Stephen Gough, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1959 na ambaye zamani alikuwa askari wa majini. Kuanzia mwaka 2003 hadi 2004 alitembea Uingereza yote, kutoka Land's End kusini hadi John o' Groats kaskazini kabisa mwa Uskochi, akiwa na buti, soksi, kofia na shanta. Mwaka 2005 akaanza tena, safari hii pamoja na mwenzake, wakamaliza mwaka 2006. Huko Uingereza na Wales kuwa uchi hadharani si kosa kwa wenyewe; sharti ithibitike kwamba mtu amekusudia kutisha au kuudhi. Uskochi hutumia kosa la kuvunja amani, ambalo ni pana. Mei 2006 Gough alivua nguo ndani ya ndege akielekea Edinburgh, akakamatwa, na kutoka hapo hadi mwaka 2012 maisha yake yakawa karibu yote ndani ya jela. Alikataa kuvaa mahakamani, akaongezewa adhabu kwa kuidharau mahakama. Alikataa kuvaa gerezani, akatengwa na wafungwa wengine. Akimaliza kifungo hutoka langoni uchi, na polisi waliokuwa wakimngoja humkamata na kumrudisha ndani.

Kesi yake ilifika Strasbourg, katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, nayo ikatoa hukumu tarehe 28 Oktoba 2014. Nimeisoma hukumu hiyo kwa makini, na ni kazi ya watu hodari. Ilikubali kwamba uchi wake ulikuwa namna ya kutoa maoni, na kwa hiyo ulilindwa na uhuru wa kujieleza. Ilikubali kwamba kesi inatia wasiwasi, kwa sababu mtu amekaa jela muda mrefu kwa kosa ambalo kwa kawaida ni dogo. Kisha majaji wote kwa kauli moja wakasema haki zake hazikuvunjwa. Walisema alikuwa na njia nyingine nyingi za kueleza anachoamini, na kwamba anadai avumiliwe na wengine ilhali yeye mwenyewe hajali hisia zao.

Sentensi hiyo ya mwisho ni ya kweli, na imempata Gough barabara. Lakini uhakiki unadai tuulize hao wengine ni akina nani. Mwaka 2012 alikamatwa huko Fife baada ya kupita karibu na mahali pa kuchezea watoto. Hapo wengine wapo, nami sina neno. Pale langoni mwa jela je? Mwenye kuona alikuwa polisi aliyetumwa kuja kuona. Dola ilijitengenezea mtazamaji wake, ikamfanya audhike kwa niaba ya umma ambao haukuwapo, ikamhukumu mtu kwa kumwudhi. Huo ni udhaifu ambao hukumu ya Herisau haina. Strasbourg ilipima ukaidi wa pande mbili kana kwamba zina nguvu sawa, na hazikuwa sawa. Mmoja alikuwa mtu mwenye shanta. Mwingine alikuwa na funguo.

Sisemi kwamba Gough alikuwa na haki. Mtu anayeshikilia kuwa uchi kila mahali na kila saa, katika ndege, mahakamani na barabarani, hakuwa tena anatembea mlimani; alikuwa anabishana na kila aliye na macho, wala hakumpa yeyote nafasi ya kujibu. Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho, walisema wazee, na hawakumaanisha ujipofushe. Walimaanisha jicho lako si la kwako peke yako ukiwa ugenini. Gough hakulifumba hata kidogo. Lakini jirani akiingia kwako bila hodi, unamfokea, unamtoa nje, au unamtoza kitu. Humfungi chumbani miaka kadhaa ukijisifu kwamba mlango ulikuwa wazi kama angejifunga kikoi.

Kabla ya hukumu ile kutolewa Gough alikuwa amefungwa tena Uingereza kwa kukiuka amri ya mahakama iliyomkataza kuwa uchi hadharani, akatoka mwaka 2015. Magazeti ya huko yaliripoti kwamba safari hiyo alivaa nguo, kwa sababu alitaka kumtunza mama yake mzee. Jambo ambalo mapolisi, mahakimu na majaji wa Strasbourg hawakuliweza kwa miaka mingi, liliwezekana kwa ajili ya mwanamke mmoja aliyekuwa anamhitaji. Sioni hapo kushindwa kwa Gough, wala ushindi wa sheria. Naona mtu aliyekutana na macho aliyoyajali.

Kuna mahali pamoja Ulaya ambapo suala hili limetatuliwa bila mahakama, na ajabu ni kwamba halizungumzwi sana. Katika milima ya Harz nchini Ujerumani, kijijini Dankerode, ilifunguliwa mwaka 2010 njia ya watembezi uchi yenye urefu wa kilomita 18 hivi. Mwanzoni mwa njia pana kibao chenye maneno machache yaliyotungwa kwa vina, yanayomwambia mpitaji kwamba kama hataki kuona watu uchi, asiendelee mbele. Basi. Hapana anayemhubiria kwamba ameharibiwa na malezi yake, wala anayemtishia faini. Wameweka hodi ya maandishi. Mwenye kupenda anaitikia karibu, asiyependa anashika njia nyingine, na wote wawili wanabaki na heshima yao. Hata mahali pasipo na kibao, baadhi ya watembezi hao hubeba kitambaa karibu, wakajifunga wanapoona watu wanakuja. Wenzao wenye msimamo mkali huwaona wamesaliti. Mimi nawaona wao ndio wameelewa, kwa sababu yule anayejifunga akimwona mwingine anakuja hajakiri kwamba mwili wake ni uchafu. Amekiri kwamba kuna mtu anakuja.

Tukirudi sasa kwenye hoja ile ya pili, kwamba anayeudhika anaudhiwa na fikra zake mwenyewe, tunaweza kuijibu. Ni kweli, fikra ni zake. Lakini nyumba nayo ni yake, na lugha yake ni yake, na wafu wake walio mlimani ni wake. Mtu hujengwa na fikra zake kama anavyojengwa na mifupa yake, na hawezi kuziweka ndani ya shanta kwa kuwa mgeni amemwambia ni mzigo. Anayetaka kuzibadili ana njia ya kuzungumza naye, na mazungumzo huanza kwa hodi. Vilevile anayetaka mwingine avae ana njia ya kuzungumza naye, nayo haianzi na pingu. Faranga 100 ni neno katika mazungumzo. Fidia ya kupoza ni neno. Miaka mingi ya jela kwa mwili usiomgusa mtu ni mlango uliopigwa komeo.

Kwa hiyo, kama jirani yangu wa Ulaya atanialika nipande naye mlima, yeye akiwa na buti na shanta tu, sitamcheka wala sitamwita mnyama. Nitamwuliza mlima huo ni wa nani, na kama wenyewe wamekwisha kuitika.